Pumzi ya Pili

Ukuta haukuja.

Edina Chisomi alikuwa ameusubiri tangu saa moja asubuhi, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, sebuleni kwake ghorofa ya kumi na nne, macho kwenye ukuta wa mashariki kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Kabati alishalisogeza. Vitanda vya mapacha alishavisukumia pembeni. Reli ya sakafuni, ile ambayo ukuta hupita juu yake, alishaipaka grisi kwa mkono wake mwenyewe, maana yeye ni fundi kuta kwa kazi, mwaka wa kumi na moja sasa, na hakutaka ukuta uje kwake ukipiga kelele kama wa watu wasiojali.

Saa nne ikapita. Saa tano nayo ikapita. Ukuta kimya.

"Labda umesahau," Yaredi, mumewe, alisema kutoka kwenye jiko, akimlisha pacha mmoja uji huku wa pili akilia zamu yake.

"Ukuta hausahau, Yaredi. Ukuta si wewe."

Yaredi akarudi kwenye kijiko cha uji. Alijua siku kama ile hajibiwi mtu.

Mnara wa Nane hauna habari na majina ya watu. Kwenye dari ya kila nyumba kuna kidude ukubwa wa kifuniko cha sufuria ndogo, wenyewe wanakiita pua, na kazi yake ni kunusa. Kinanusa hewa tunayoitoa, kinapima joto letu, kinahesabu wangapi wanapumua humo ndani. Pumzi moja, mita tisa za mraba. Dodoma ilipofura mpaka ikaenda kugonga Kigwe, na kodi ya chumba kimoja ikawa inakomba mshahara wote wa mwalimu, Ofisi ya Nafasi ikaja na hesabu hiyo, na watu wakapiga makofi. Kodi itakuwa ndogo, wakaambiwa, ila hakuna nafasi itakayolala bure tena. Mtu akihama au akifa, pua ikaikosa pumzi yake siku thelathini mfululizo, ukuta unatembea wenyewe na mita zake tisa zinahamia kwa jirani mwenye namba ya foleni. Makofi yale, ukiwauliza leo waliopiga, kila mmoja atakuambia siku ile hakuwepo.

Nyumba ya Edina ilikuwa ya pumzi nne. Mapacha walipozaliwa zikawa tano. Pumzi ikizidi kwa uzazi, familia inapewa siku saba kuipunguza, la sivyo inatolewa yote; ikizidi kwa mgeni, haipewi hata siku moja. Ukiwa na siku saba, na watoto watatu, na wawili kati yao wananyonya, unamtoa nani? Walimtoa Kezia, aliyekuwa na miaka saba, wakampeleka Mpwapwa kwa dada yake Yaredi. Wakamwambia ni kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa unakaribia miaka miwili.

Na namba ya foleni nayo hudumu miaka miwili tu. Ya Edina ilikuwa inakufa tarehe kumi na mbili Desemba. Ikishakufa unaanza upya, nyuma ya watu elfu arobaini.

Ndiyo maana mzee Ramadhani Kijanga wa nyumba ya pili, mumewe Bi Saumu, alipofariki mwanzoni mwa Oktoba, Edina alilia kweli, maana alikuwa mzee mwema na kikohozi chake walikizoea kama saa ya ukutani. Alilia, na katikati ya kulia akajikuta anahesabu vidole. Aibu ile hakumwambia mtu, hata Yaredi.

Sasa siku ya thelathini imefika na ukuta haujatikisika. Edina akachukua kipimo chake cha kazini, kile wanachopewa mafundi kusomea pua za nyumba wanazozihudumia, akafungua kumbukumbu za nyumba ya jirani.

Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyejikanyaga mwenyewe.

"Nini?" Yaredi akauliza.

"Pumzi mbili. Kila siku pumzi mbili. Kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri."

"Si Bi Saumu yuko peke yake?"

"Yuko peke yake wapi! Wanawake si wanalala naye? Jumatatu Mama Ngassa, Jumanne yule wa ghorofa ya tisa, Jumatano mimi." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Zamu nimeipanga mimi, Yaredi! Kwa mwandiko wangu! Nimeibandika mwenyewe nyuma ya mlango wake!"

Pumzi ikikaa ndani saa sita mfululizo, jengo linaihesabu kuwa ya mkazi. Hilo Edina alilijua kama anavyolijua jina la baba yake. Miaka kumi na moja ya kufanya kazi na pua! Lakini alipokuwa anaandika ile zamu hakufikiria, maana mtu anayekwenda kulala kwa mfiwa hajioni kuwa mkazi, wala hajioni kuwa pumzi. Amekwenda kulala kwa mfiwa, basi. Na Bi Saumu alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi haruhusiwi kutoka nje. Utamwachaje bibi wa miaka sabini peke yake na kitanda kitupu? Ndiyo wakaja, mmoja leo, mwingine kesho, na kila aliyekuja akawa anakalia zile mita tisa za marehemu. Siku thelathini za Edina hazikuwa zimeanza hata moja.

Jioni Kezia akapiga simu.

"Mama, nimeshapanga nguo. Shangazi amenipa begi lake. Ukuta umekuja?"

"Umechelewa kidogo, mwanangu."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Edina akaangalia kalenda. Ilikuwa tarehe nne Novemba. Kama pumzi ya pili ingekoma kesho, siku thelathini zingetimia tarehe tano Desemba. Zingebaki siku saba mkononi. Kama isingekoma, basi.

"Mama?"

"Siku chache, Kezi."

"Mwaka jana pia ulisema chache," mtoto akasema, bila hasira, na hapo ndipo palipouma zaidi.

*

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, hilo ndilo lililomtisha. Hakuhitaji kuvunja sheria yoyote. Alimkuta Mama Ngassa kwenye foleni ya lifti, ana kanga mkononi na chupa ya chai ya kwenda nayo zamu.

"Mama Ngassa, pumzika leo. Bi Saumu anasema amechoka kulindwa kama mgonjwa."

"Kasema hivyo?" Mama Ngassa akashangaa. "Mbona zamu iliyopita nimemkanda miguu tukacheka mpaka basi?"

"Alikuwa anakustahi. Unawajua watu wazima."

Mama Ngassa akamtazama kidogo. Akaitazama chupa ya chai. "Haya, kama mwenyewe ndivyo alivyosema," akajibu, na akarudi zake kwa ngazi, hakusubiri tena lifti.

Kwa wengine alituma ujumbe. Karatasi ya zamu akaibandua siku alipopeleka mboga, akaikunja, akaitia mfukoni. Bi Saumu alimwona. Alikuwa amekaa mkekani na nguo zake za eda, anachambua mchele, akainua macho, akayarudisha kwenye ungo.

"Wageni wamepungua," alisema tu.

"Watu wana mambo mengi, Bibi."

"Haya, Mama Kezi. Ahsante kwa mboga."

Kuanzia hapo kipimo kikaandika moja. Moja, moja, moja. Edina akawa anakisoma kabla hajanawa uso. Siku ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Na ukuta wa mnara ule hautengenezwi kwa tofali. Ni mbao za nyuzi za katani zilizogandamizwa kwenye fremu nyepesi, ili uweze kutembea, kwa hiyo unasikia kila kitu. Siku ya kumi na nne magharibi ikiingia alimsikia Bi Saumu akizungumza. Akadhani kuna mgeni, akakimbilia kipimo. Moja. Bibi alikuwa anamwambia marehemu kwamba bei ya mchele imepanda.

Edina akawasha redio.

Kazini nako kukawa hakukaliki. Wiki ile alikwenda kusimamia ukuta Mnara wa Tatu, nyumba ya kijana mmoja ambaye mkewe alikuwa chuoni Iringa kwa miezi mitatu. Ukuta hutembea upana wa kidole kwa dakika, na kazi ya fundi ni kuangalia usikanyage kitu. Yule kijana aliweka mikono yake miwili ukutani akasukuma, miguu inateleza kwenye vigae, jasho linamtoka.

"Kaka, ukuta hausukumwi," Edina akamwambia.

"Anarudi Januari! Hajafa, anarudi Januari! Hamwezi kuandika mahali?"

"Hakuna pa kuandika. Unanusa tu."

"Na wewe unalala usingizi, dada yangu?"

Edina alikaa pale saa mbili na nusu mpaka ukuta ukasimama, akasaini, akarudi nyumbani akamgombeza Yaredi kwa sababu ya kijiko.

*

Siku ya ishirini na tisa, saa kumi jioni, Bi Saumu akagonga ukutani. Mara tatu, taratibu. Edina akaenda.

Alimkuta chumbani kwa marehemu. Kile kitanda kilikuwa kimesimamishwa, kimeegeshwa upande wa pili, mbali na ukuta. Nguo za mzee ziko kwenye mifuko miwili. Mswala umekunjwa juu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nisaidie hili sanduku, mgongo umegoma. Kesho ukuta wako unapita hapa, usije ukaniponda vyombo."

Edina alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Umejuaje?"

"Nimeishi humu miaka minane, nisijue kuhesabu mpaka thelathini?" Bi Saumu akakaa juu ya sanduku lile lile alilotaka lisogezwe. "Mama Ngassa alinijia siku ya pili, mchana. Analia. Anataka kujua amenikosea nini."

Edina akaachia kitasa. "Bibi..."

"Ngoja. Nilikasirika. Sitakuficha, wiki nzima nilikasirika. Nilisema huyu mwanamke nimekula naye, mume wangu amembebea maji siku lifti ilipokufa, leo ananifanyia hivi hata mchanga wa kaburi haujakauka? Nilitaka niwaite wote waje walale kumi kumi." Akavuta pumzi. "Halafu nikamsikia mtoto kwenye simu. Anauliza ukuta umefika wapi. Kama vile anauliza basi limefika wapi."

"Nisamehe."

"Dada yangu alitaka kuja kutoka Kondoa akae nami eda yote iliyobaki. Wiki iliyopita alikuwa na tiketi mkononi. Nikamwambia asije."

Edina akaitazama mifuko ya nguo za mzee. Alikuwa ameiba kitu kwa siku ishirini na tisa, kumbe mwenyewe alikuwa anampa. Akaona afadhali angetukanwa.

"Ungeniambia tu," Bi Saumu akasema. "Hilo ndilo lililoniuma. Ungekaa hapo mkekani ukaniambia, Bibi, mtoto wangu. Mimi ningekataa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungekubali," Edina akasema, na ilikuwa kweli, na ndipo machozi yakamtoka. "Ungekubali, ningejua nimekuacha peke yako kwa mdomo wangu. Nilitaka iwe kama imetokea yenyewe."

Bi Saumu akatikisa kichwa, akampisha kwenye sanduku. "Haya, sukuma. Kisha uondoke. Usije ukakaa sana pua ikaanza kutuchanganya."

*

Ukuta ulikuja kesho yake saa tatu asubuhi, bila kelele, kwenye grisi ya Edina. Kidole kwa dakika. Ulipofika mwisho na kufunga, upande wa kina Edina kulikuwa na sakafu mpya mita tisa, na kwenye sakafu hiyo alama nne za miguu ya kitanda, na kando yake mahali pamelika rangi, pamekuwa laini, upana wa magoti na paji la uso. Yaredi alileta tambara na sabuni. Edina akamnyang'anya tambara.

Kezia alifika siku iliyofuata na begi la shangazi, amerefuka, meno ya mbele yamebadilika. Akazunguka chumba chake mara tatu bila kugusa kitu. Pua ikasoma tano, nyumba ni ya pumzi tano, na hakuna kengele iliyolia. Walikula wali kwa kuku. Edina alimtazama mtoto akitafuna na akajiambia, yameisha.

Hayakuisha. Fundi gani huyu alikuwa hajafikisha hesabu mpaka mwisho? Au aliifikisha akaifunika? Nyumba ya Bi Saumu sasa ilikuwa mita tisa, pumzi moja. Mtu yeyote akilala humo, ni pumzi iliyozidi. Zamu haiwezi kurudi. Dada wa Kondoa hawezi kuja. Siku zote zilizobaki za eda, na baada ya eda, na mpaka atakapokufa, hakuna mtu atakayeruhusiwa kupitisha usiku na yule bibi, labda awe anataka kumfukuzisha.

Mama Ngassa sasa alikuwa anakwenda mchana, anakaa saa moja, anaondoka. Kwa Edina alikuwa anapita bila salamu.

Siku ya nne, magharibi ikiingia, Kezia alikuja jikoni. "Mama, kuna mtu anaongea ukutani kwangu."

"Ni Bi Saumu. Jirani."

"Anaongea na nani?"

"Na mumewe."

"Si ulisema amekufa?"

"Ndiyo."

Mtoto akafikiri. "Basi niende nikakae naye. Nilale huko, nirudi asubuhi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Edina akafungua kinywa amweleze. Amweleze mita, amweleze saa sita, amweleze foleni ya watu elfu arobaini. Akajisikia anavyotaka kuongea kama karatasi za Ofisi ya Nafasi, kwa mtoto ambaye miaka miwili ya utoto wake ilikatwa na hesabu hiyo hiyo. Na hasira ikampanda, si ile ya kumgombeza Yaredi kwa kijiko. Hasira ya mtu aliyefanya kazi ya kuwatenganisha watu kwa ustadi, akipaka grisi.

Akaenda kabatini akachukua drili.

"Edina," Yaredi akasema. Alishaielewa ile drili. Kutoboa ukuta ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa fundi. Hewa za nyumba mbili zikichanganyika, pua zote mbili zinapoteza hesabu. Cheti kinachukuliwa, na nyumba inachukuliwa. "Edina, mtoto ndiyo kwanza amerudi."

"Najua."

"Wakiona?"

"Nitasema ni panya."

"Panya wa ghorofa ya kumi na nne?"

"Yaredi, shika watoto."

Alitoboa chini, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, tundu la kupita ngumi ya mtoto. Katani iliachia vumbi la njano. Upande wa pili mazungumzo yakakatika.

"Nani?" sauti ya Bi Saumu ikauliza, kwa hofu.

"Ni sisi, Bibi," Edina akasema, amelala kifudifudi sakafuni, pale pale palipolika. "Usiogope. Huyu hapa Kezia. Atakuwa analala upande huu, na wewe vuta godoro lako huko."

Upande wa pili mkeka ukakunjwa. Kisha wakasikia godoro linaburuzwa.

Edina akachukua kipimo. Pua haihesabu vichwa, inakisia hewa, kwa hiyo ndani yake hesabu huja na vipande. Kipande cha chini ya nusu hukikata, kikifika nusu hukipandisha kuwa pumzi nzima. Nyumba yake ilikuwa imeshuka kutoka tano hadi nne nukta saba. Ya Bi Saumu imepanda, moja nukta tatu. Ikifika moja na nusu jengo litaandika pumzi mbili, na asubuhi mtu atakuja kubisha hodi.

Kezia alishaweka mdomo tunduni. "Shikamoo Bibi. Huko Mpwapwa shangazi ana mbuzi anakula sabuni."

"Marahaba. Anakula sabuni?"

"Ya kipande. Halafu anatoa mapovu, na mchungaji akapita akadhani ana kifafa, akaanza kumwombea."

Bi Saumu akacheka. Haikuwa kucheka kwa adabu ya mfiwa. Ilikuwa ile aliyoisema Mama Ngassa, ya mpaka basi, na Edina hakuwahi kuisikia tangu Oktoba. Namba ikapanda. Moja nukta nne. Moja nukta nne tano.

Kezia akamwona mama yake anavyokikazia macho kile kipimo, akanyamaza. "Niache, Mama?"

Edina akakigeuza kipimo, akakilaza kifudifudi sakafuni.

"Endelea," akasema. "Na upaze sauti, bibi yako hasikii vizuri."